Matanga ya Kidole

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Bonasi, na katika wilaya nzima ya Nachingwea hakuna mnyama aliyelelewa kwa mapenzi kama yeye. Alifungwa nyuma ya kiwanda cha kubangua korosho, kwenye kibanda cha nyasi alichojengewa peke yake, wakati wanawake wanaobangua hizo korosho walikuwa wanakunywa chai yao juani. Meneja, bwana Nicholaus, ndiye aliyemleta kutoka mnadani Ruangwa akiwa mbavu tupu. Alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote akatangaza kwamba msimu ukifungwa bila mtu yeyote kuumia kazini, ng'ombe atachinjwa na kila mtu atakula mpaka aombe maji. Akiumia hata mmoja, ng'ombe anarudi mnadani.

Basi watu wakaacha kuumia.

Mafuta ya ganda la korosho yaliendelea kuunguza viganja kama kawaida yake, maana mafuta hayana habari na ng'ombe wa mtu. Lakini mwenye kiganja alikifunga kitambaa akasema hina ya harusini imemkataa. Aliyepondeka ukucha alisema amebanwa na mlango nyumbani kwake. Milango ya Nachingwea msimu ule ilikuwa mikali ajabu, ikibana watu usiku kucha, na bwana Nicholaus aliwapa pole za dhati kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa habari njema, na akiletewa habari njema hakuwa na tabia ya kuigeuza aone upande wa chini.

Mwanamvua, mama Zuhra, wa Mkotokuyana, naye tusimpake sukari. Alikuwa mbanguaji wa siku nyingi, ana ulimi unaokata kuliko visu vya mashine yake, na ng'ombe yule alimtaka kwa moyo wake wote. Kila asubuhi alipita kumpa Bonasi maganda ya muhogo, akampapasa nundu, akamuuliza hali. Ile nundu alishaichagua. Alishamwambia na dada yake kwamba ataletewa kipande, na dada yake alishawaambia majirani.

Mambo yalikuwa yamekaa hivyo Gaudensia alipofika. Huyu alikuwa binti wa ofisi kuu ya kampuni iliyoko Ruangwa, mpole wa kuongea, na kazi aliyotumwa ilikuwa kuufanyia marekebisho mpango wa kiwanda wa kuzuia ajali na magonjwa kazini. Mpango ulikuwepo. Bwana Nicholaus alikuwa akiurekebisha kila mwaka, kwa kubadilisha mwaka kwenye jalada. Ndani haukuguswa tangu uliponakiliwa kutoka kiwanda cha nchi za watu, na ulikuwa na maelezo marefu ya namna ya kutembea uani wakati theluji imeganda. Habari ya mafuta ya korosho haikuwemo. Gaudensia aliwasomea wafanyakazi ile sehemu ya theluji, wakacheka mpaka supavaiza Ismaily akawaambia waache utoto.

Kisha akawauliza taratibu kama kuna aliyewahi kuumia msimu huu. Wakatazamana. Akageuza swali, akasema basi ambaye hajaumia anyooshe mkono. Mikono ikapaa ukumbi mzima, hata bwana Nicholaus akatabasamu. Gaudensia alisimama akaitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Mwanamvua, aliyekuwa mstari wa mbele, akatazama nyuma kuona binti anaangalia nini, na akaona. Ilikuwa mikono ya kulia mitupu. Wa kushoto, ule unaoishika korosho chini ya kisu, hakuna aliyeunyoosha. Ilikuwa imezama kwenye kanga, mifukoni, na nyuma ya migongo. Gaudensia akasema asanteni sana, akafunga kompyuta yake. Mwanamvua alimpenda tangu siku ile, ingawa hakuwa tayari kumpa nundu.

Sasa, kidole chenyewe. Kulikuwa na mbanguaji mmoja jina lake Salimu, kijana wa Likunja kule Ruangwa, na yeye na Mwanamvua walikuwa watani. Koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo Mwanamvua alikuwa na haki ya kumnyang'anya chai yake mdomoni, kumwita mwizi wa kuku mbele ya wakwe zake, na akifa, kuvaa nguo zake na kuigiza mwendo wake makaburini. Salimu naye alikuwa na haki hizohizo. Mtani hakasirikiwi, na anayekasirika hutozwa faini. Walikuwa wanapendana sana, kwa namna hiyo ya kutukanana.

Majuma kadhaa kabla ya Gaudensia kufika, mashine ya saba ilimkata Salimu ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mashine zile zinaendeshwa na mtu mwenyewe: unaiweka korosho kati ya visu, unakanyaga kanyagio, visu vinabana, unavuta mpini, ganda linafunguka. Ismaily alisema Salimu alisinzia, akakanyaga mkono ukiwa bado ndani. Watu walikubali, maana Salimu kweli alikuwa mpenda mpira, na mechi za Ulaya huonyeshwa saa ambazo watu wema wamelala. Ismaily alimpakia kwenye pikipiki kupitia geti la nyuma, kwenye zahanati wakasema amejikata kwa panga, na meneja akaambiwa Salimu ana mama mgonjwa, amekwenda kwao kumuuguza. Ukumbi mzima ulijua, na ukumbi mzima uliapa kutomwambia mtu wa ofisini. Mwanamvua ndiye aliyeifuta damu. Aliifuta huku anamwambia Salimu kwamba kidole chenyewe kilikuwa kibovu, kilikuwa kinamchokonoa tu puani.

Sasa siku ya tatu ya ujio wa Gaudensia, Ismaily akasimama na kutangaza kwamba mashine ya saba haiwezi kukaa bure wakati msimu unaisha. Kuanzia Jumatatu, baada ya chai, ataikalia Zuhra, bintiye Mwanamvua, ambaye tangu aajiriwe alikuwa anachambua tu. Zuhra alifurahi, kwa kuwa mbanguaji anathaminiwa kuliko mchambuaji. Mama yake naye alifurahi, mpaka alipokuwa anarudi nyumbani jioni ndipo furaha ikaanza kumkaba. Alimkumbuka Salimu siku ile ya damu, midomo yake ikitikisika kama mtu anayetaka kusema kitu, na yeye akamziba kwa mzaha.

Jumamosi akafunga safari ya Likunja, kwa kisingizio cha kumjulia hali mama mgonjwa.

Mwanamvua alimkuta mama mgonjwa shambani, juu ya bonde, anang'oa visiki. Alikuwa na afya ya kumbeba Mwanamvua mgongoni na bado akaimba. Alimwonyesha nyumba kwa jembe, akarudi kwenye kisiki chake. Salimu alikuwa barazani anamenya muhogo kwa shida, kidole kimefungwa kitambaa. Mwanamvua akaketi bila kukaribishwa, akachukua muhogo mkubwa kuliko yote, akaanza kumtania kwamba sasa atahesabu mpaka tisa na nusu kama saa mbovu. Salimu hakurudisha. Mtani asiporudisha utani, ujue kuna msiba wa kweli.

"Mtani," alisema Salimu, "sikukanyaga."

Mwanamvua akaacha kutafuna.

"Wallahi sikukanyaga. Mguu wangu ulikuwa chini, uko sakafuni. Kisu kilishuka chenyewe. Nilimwambia Ismaily, akasema nikisema hivyo ng'ombe anarudi, na watu wote watajua ni mimi niliyewanyima. Nikanyamaza. Sasa kila mtu anajua mimi ni mtu wa usingizi."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa inamuuma, kuliko kidole. Mwanamvua aliisikia sauti yake ikivunjika pale, akaona aibu, akautazama mpapai ulio mbele ya baraza. Chini ya mpapai palikuwa na kifusi kidogo cha udongo, kimezungushiwa mawe. Aliuliza kile nini. Salimu akasema mama yake alikataa katakata kiungo cha mwanawe kitupwe jalalani kama kichwa cha dagaa. Kipande kile kilifungwa kwenye kitambaa kisafi, kikasomewa dua fupi, kikazikwa kwa heshima.

"Kimezikwa," alisema Mwanamvua polepole. "Mbele ya nani?"

"Mimi na mama tu."

"Watani hawakuitwa?"

Salimu akaanza kueleza kwamba kilikuwa kidole tu, tena kipande, lakini katikati ya maneno akajisikia mwenyewe anavyosema, akanyamaza. Kuzika bila watani. Babu yake asingethubutu. Mwanamvua akainuka, akajifunga kanga vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu afike akatabasamu. Akamwambia Jumatatu saa ya chai awe kiwandani bila kukosa, maana mfiwa hawezi kukosa matanga. Akaondoka na mihogo miwili bila kuomba.

Tabasamu lile halikumfikisha mbali. Njiani lilimtoka. Nyumbani alimwambia Zuhra asiende kazini Jumatatu, ajifanye anaumwa tumbo. Zuhra alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akiwa anapepeta mchele, kisha akauliza jambo moja: yeye akiumwa tumbo, atakalishwa nani pale? Mwanamvua akasema ni mtoto wa mtu mwingine, hayatuhusu. Zuhra akaendelea kupepeta. Mama yake aliona haya kuliko alivyoona haya kwa Salimu.

Kwenda kumwambia Gaudensia waziwazi lilikuwa jambo jepesi kulifikiria. Lakini Mwanamvua aliwajua watu wake. Nusu ya Nachingwea ilikuwa imeshaula ule mnofu akilini. Angekuwa yule mwanamke aliyemrudisha Bonasi mnadani, na jina lile lingemfuata hadi kwa wajukuu. Isitoshe, walikuwa wameapa kutomwambia mtu wa ofisini. Mtu akivunja kiapo, hata akiwa na haki, watu hawamsikilizi; wanamtazama tu. Alihitaji kusema bila kusema. Na kwa bahati, alikuwa na msiba.

Jumapili alizunguka kwa wanawake wa ukoo wake wanaofanya kazi kiwandani, akaanzia kwa Hadija, ambaye kwenye matanga huogopwa na wafiwa wote kutoka Nambambo hadi mtoni. Hadija aliposikia kwamba Salimu amezika bila watani, alishika kifua kwa uchungu wa kweli.

Jumatatu saa nne, watu wakiwa wanatoka kwenda kunywa chai, kilio kikasikika upande wa geti. Si kilio cha mchezo. Kilikuwa kilio cha kufiwa hasa, kirefu, chenye majina ya marehemu. Bwana Nicholaus alitoka ofisini anakimbia, Gaudensia nyuma yake. Wakakuta Mwanamvua anaingia uani akiwa amevaa ovaroli ya Salimu, amejipaka majivu usoni, anatembea kwa ule mwendo wa Salimu wa kurusha bega moja. Nyuma yake Hadija na wenzake wamebeba ungo vichwani kwa zamu, na juu ya ungo kuna kipande cha muhogo kilichoviringishwa kitambaa cheupe. Salimu mwenyewe alikuwa anawafuata, mkono mfukoni, hajui acheke au akimbie.

Waliuweka ungo katikati ya uwanja. Mwanamvua akaanza kumsifu marehemu. Akasema alikuwa kidole mwema, mnyenyekevu, hakumnyooshea mtu isipokuwa refa. Alikuwa msaada mkubwa wa pua. Hakuoa, kwa kuwa pete haikai kwake. Watu walikuwa wanashika mbavu. Ismaily akaja mbio anataka kuutoa ungo, anasema hii ni saa ya kazi, na Hadija akampaka majivu mashavu yote mawili kabla hajamaliza sentensi. Akamkumbusha kwa adabu kwamba anayekasirikia watani msibani anatozwa kuku, na anayekasirika mara mbili anatozwa jogoo pia. Ismaily akatafuta msaada machoni mwa meneja.

Sasa bwana Nicholaus alikuwa Mmwera wa Ruangwa, si mtu wa kuja. Siku ya kumzika baba yake, watani walilala juu ya jeneza mpaka akawakomboa kwa kreti za soda. Alijua kabisa kwamba mbele ya watu hawa wote hana ruhusa ya kununa. Akauliza, sauti imekauka kidogo, msiba huu ni wa nani.

Mwanamvua akamwambia ni wa kwake. Marehemu alifia kazini, kwa hiyo kiwanda ndiyo nyumba yenye matanga, na mwenye nyumba ni meneja. Watani hawakuitwa mazishini. Ndiyo maana wameshachukua walichochukua.

Ndipo wote wakageuka. Wanawake wawili wa ukoo ule walikuwa wanatokea nyuma ya kiwanda na Bonasi. Alikuja bila ubishi, kwa kuwa anayeshika kamba yake alikuwa na maganda ya muhogo. Walipita naye katikati ya watu, wakamwingiza ukumbini kabisa, kati ya meza za kubangulia, wakamfunga kwenye mguu wa mashine ya saba; umati ukawafuata ndani na ungo wake. Bonasi akaangalia kushoto na kulia, akajisaidia kwa wingi, akaanza kucheua. Zuhra, aliyekuwa akae pale baada ya chai, akasimama kando ameziba mdomo kwa ushungi.

Bwana Nicholaus aliona mambo mengi kwa mpigo. Aliona ng'ombe ndani ya chumba cha chakula cha kupeleka nje ya nchi. Akamwona Salimu, na mkono wake mfukoni. Uso ulimbadilika, na watu wakaanza kuogopa, kicheko kikapungua. Pale mambo yangeweza kuharibika kabisa.

Ni Gaudensia aliyeyaokoa. Alisogea mpaka kwenye ungo, akavua viatu, akachuchumaa kama mtu aliyekuja kuhani.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Marehemu aliuguaje kabla ya mauti kumfika?"

Mwanamvua akamtazama yule binti, na wakaelewana palepale. Akajibu kwamba marehemu hakuugua, aliondoka ghafla. Lakini ukoo wake wote ni wagonjwa, madam, hujui tu. Hapo mama mmoja upande wa nyuma akatoa kilio, akasema yeye amefiwa na ukucha tangu mwezi wa Ramadhani. Mwingine akalia kwamba ngozi yake ya kiganja imekwenda na haikuaga. Mzee wa kwenye tanuru la mvuke, mtu asiyeongea mwaka mzima, akasimama akaomba radhi, akasema jicho lake la kulia lipo hai lakini halijitambui. Kila mmoja alitaka kufiwa. Walisukumana kuja mbele kuonyesha marehemu wao, mikono ya kushoto ikatoka mifukoni na kwenye kanga, na waliokuwa wanacheka walikuwa na machozi, na si ya kicheko peke yake. Hakuna aliyetoa taarifa ya kuumia. Walikuwa wanatoa pole tu, wakipeana zamu.

Gaudensia aliwasikiliza wote, akimwambia kila mmoja pole kwa jina lake. Bwana Nicholaus naye aliitazama mikono ile. Ilimfika. Ilimwingia kidogokidogo, kuanzia miguuni, kwamba milango ya Nachingwea haikuwa na kosa lolote. Lakini meneja ni meneja. Alikohoa, akasema haya mengine tutayazungumza, ila kidole cha Salimu yeye anasikia kwamba kijana alisinzia. Mashine haina tatizo. Akatafuta namna ya kuonyesha kwamba yumo katika mchezo, kwamba hajanuna, akachukua ule muhogo kwenye ungo, akasema basi ngoja amrudishe marehemu kwenye kiti chake watu waone.

Akampita Bonasi, akaketi kwenye mashine ya saba. Alikunja mikono ya shati. Akauingiza muhogo kati ya visu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kama mbanguaji, akageuza uso kwa watu, mguu bado uko sakafuni, akaanza kuwaeleza kwamba mtu aliye macho…

Kisu kikashuka.

Nusu ya muhogo ikarukia miguuni pa Zuhra. Nusu nyingine ilibaki mkononi mwa meneja, imekatwa safi, upana wa ukucha tu kutoka kwenye ncha ya kidole chake. Ukumbi mzima uliacha kupumua. Bonasi peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

Bwana Nicholaus alikitazama kiatu chake. Kisha akamtazama Salimu, na aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa polisi.

"Sikukanyaga," alisema.

"Najua, bosi," alisema Salimu.

Salimu aliutoa mkono mfukoni, mbele za watu, akajifuta nao uso. Mwanamvua alikuwa ameandaa mzaha wa kumalizia, mzaha mzuri sana, alioutunga Jumapili nzima, lakini alipofungua mdomo aligundua kwamba analia, na majivu yanamwingia machoni. Alimshika Zuhra kiwiko, akamvuta mbali na ile mashine, ingawa hakuna aliyekuwa anamwambia aikalie.

Baadaye meneja aliuliza Bonasi anakombolewaje. Hadija alitaka doti ya kanga kwa kila mtani, lakini Mwanamvua alimkanyaga mguu. Akasema ukombozi ni springi mpya ya kuzuia kisu cha mashine ya saba, kinga ya kisu kwa kila mashine, na mafuta ya nyonyo ya kupaka mikono yasiyochanganywa na maji. Meneja akasema springi zinatoka Dar, zitachukua siku. Mwanamvua akamwambia hakuna haraka, Bonasi amezoea hapo alipo. Springi zilifika mapema kuliko kitu chochote kilichowahi kuagizwa na kiwanda kile.

Lilibaki suala la ng'ombe mwenyewe, kwani neno la meneja lilikuwa bayana: akiumia mtu, anarudi. Wengine walishaanza kumtazama Salimu kwa jicho la njaa. Gaudensia alikaa na meneja ofisini siku nzima, na alichomwambia hatukijui, ila walipotoka bwana Nicholaus alitangaza kwamba theluji imefutwa kwenye mpango, na Bonasi pia amefutwa. Kuanzia sasa hakuna zawadi ya kutoumia. Ng'ombe huyu atachinjwa kwa sababu nyingine. Mtu mmoja akauliza sababu gani. Meneja akasema ni matanga, kwani nyinyi mnafungaje matanga?

Bonasi akachinjwa siku ya kufunga msimu. Wako walioshindwa kumla kwa huzuni, na mafungu yao yaliliwa na walioweza. Pilau lilipopakuliwa, Gaudensia alisimama kusoma mpango mpya. Ismaily, aliyekuwa ameshalipa kuku wake, alishika kipaza sauti. Binti alipofika kwenye mashine ya saba akasoma kwamba mfanyakazi alikuwa macho, mguu ukiwa sakafuni, na kisu kilishuka chenyewe kwa ubovu wa springi. Salimu akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, akaomba kama inawezekana asome tena pale. Gaudensia akasoma tena. Akaomba mara ya tatu, na hapo Mwanamvua akamtupia kwato ya Bonasi kwenye sahani, akamwambia achukue kidole chake akapandikize, watu wanataka kula.

Salimu alicheka mpaka punje za wali zikampalia. Kisha akamrushia mfupa, ukampata Hadija, na ikawa ni vita.

Nundu ilikuwa ya Mwanamvua, kama alivyopanga. Aliiweka kando kwanza. Alichukua birika na beseni, akamfuata Zuhra alipokuwa ameketi jamvini na wenzake, akaanza kumnawisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti akiwa wa kubebwa mgongoni. Alimiminia mkono wa kulia, akasugua kila kidole. Halafu akaomba wa kushoto.

"Mama, huu siulii," alisema Zuhra.

"Najua," alisema Mwanamvua. "Ulete."